Tokeni au ufunguo wa SSH, kuongeza cheti au kuzima ukaguzi: kuchagua njia ya kufikia mafaili ya hifadhi binafsi

Mtu anayenyimwa faili lililomo katika hifadhi binafsi ya msimbo huwa na haraka, na haraka hiyo humfanya ameze dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Anabadilisha tokeni (siri ndefu inayotumika badala ya nenosiri) mara tatu ilhali kasoro iko kwenye cheti cha seva (hati ya kidijitali inayoithibitisha seva), au anazima ukaguzi wa vyeti ilhali seva imemkataa kwa sababu tokeni yake haina ruhusa ya kusoma. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia zilizopo na kusema ipi inamfaa nani, inafaa kwanza kujua ni nani anayemkataa mwenzake, kwa maana uchaguzi wote unaofuata unategemea jibu hilo.

Nani anamkataa nani

Katika HTTPS, njia salama ya wavuti, kuna maswali mawili yanayoulizwa kwa zamu. Kwanza kompyuta yako inaitaka seva ithibitishe kuwa ndiyo yenyewe, na seva inajibu kwa kuonyesha mnyororo wa vyeti, kila kimoja kikithibitishwa na kinachofuata; jibu lisiporidhisha, muunganisho unakatwa papo hapo, kabla tokeni yako haijatoka kwenye kompyuta. Baada ya hapo ndipo seva nayo inapokugeukia na kukuuliza wewe ni nani na una ruhusa gani. SSH, njia nyingine salama ya kuungana na seva kwa kutumia jozi ya funguo, inafuata mpangilio huo huo: ufunguo wa seva unakaguliwa kwanza, kisha wako.

Ukisoma ujumbe wa kosa kwa utulivu, utaona mara moja umekwama kwenye swali lipi. Maneno `SSL certificate problem: unable to get local issuer certificate`, au `server certificate verification failed`, au katika SSH `Host key verification failed`, yanasema kwamba kompyuta yako ndiyo iliyoikataa seva, na hakuna tokeni duniani itakayobadilisha jambo hilo. Maneno `Authentication failed`, `Permission denied (publickey)`, na namba za jibu 401 (hujatambulika) au 403 (huruhusiwi), yanasema kinyume chake: seva imekwisha kujithibitisha, na sasa ni wewe uliyekataliwa.

Namba 404 inastahili maelezo yake, kwa kuwa imewapotosha wengi. GitHub na GitLab, huduma za kuhifadhi msimbo, hujibu 404, yaani faili au hifadhi haipo, pale mtu asiye na ruhusa anapoomba kitu cha hifadhi binafsi. Hufanya hivyo kwa makusudi, kwani kujibu 403 kungekuwa sawa na kukiri kwamba hifadhi yenye jina hilo ipo. Kwa hiyo ujumbe `Repository not found` kwenye hifadhi unayoiona wazi ndani ya kivinjari usikufanye uanze kuhakiki tahajia ya anwani kwa saa nzima. Hakiki tahajia mara moja, kisha chunguza unatambulika kama nani.

Kuna na kisa kibaya zaidi ya 404, nacho ni kile ambapo hakuna kosa lolote linaloonekana. Niliwahi kuwa na skripti iliyokuwa ikichukua faili la mipangilio la YAML kutoka seva ya GitLab ya ndani kwa amri ya `curl -L`, na anwani nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye kivinjari. Skripti ilimaliza bila lalamiko, namba ya jibu ilikuwa 200, faili likaandikwa kwenye diski, kisha programu iliyolisoma ikalia kwamba mstari wa kwanza haueleweki. Nilipofungua faili lenyewe, mstari huo ulikuwa `<!DOCTYPE html>`: nilikuwa nimehifadhi ukurasa wa kuingilia. Seva ilikuwa imenielekeza kwenye ukurasa huo kwa namba 302, na `-L` ikanipeleka huko kwa utiifu. Tangu siku hiyo, faili lolote linalochukuliwa na mashine nalichukua kupitia anwani ya API (mlango wa seva uliotengwa kwa ajili ya programu), ambayo humjibu asiye na ruhusa kwa namba ya kosa, na naweka `--fail` ili skripti isimame pale pale. Anwani ya kivinjari ni ya binadamu aliyekwisha kuingia kwenye akaunti yake, na haikukusudiwa kwa kazi nyingine.

Tokeni juu ya HTTPS na ufunguo wa SSH, bega kwa bega

Hizi ndizo njia mbili kuu, na watu hubishana juu yake kana kwamba moja ni ya kale na nyingine ni ya kisasa. Tofauti yake halisi ni kitu kinachosafiri. Tokeni ni siri inayotumwa kwa seva kila unapoomba kitu, ilhali ufunguo wa faragha wa SSH hauondoki kamwe kwenye kompyuta yako: kinachotumwa ni saini iliyofungwa kwenye kikao hicho kimoja, isiyoweza kutumika katika kikao kingine. Shikilia tofauti hiyo akilini, maana itarudi tutakapofika kwenye vyeti.

Uzuri wa tokeni ni kwamba inapita pale ambapo HTTPS inapita. Poti 443 huwa wazi karibu kila mahali, na proksi za ofisini (seva za katikati zinazopitisha mawasiliano) zinaielewa. Tokeni hiyo hiyo inatumika kwa Git (programu ya kusimamia matoleo ya msimbo) na kwa API, kwa hiyo ukitaka faili moja tu huna haja ya kunakili hifadhi nzima. Kwenye GitLab, kwa mfano, faili moja linachukuliwa hivi:

`curl --fail --header "PRIVATE-TOKEN: $TOKENI" "https://git.mfano.example/api/v4/projects/42/repository/files/mipangilio%2Fkuu.yml/raw?ref=main"`

Tazama `%2F` katikati ya jina la folda na jina la faili. Ukiweka mkwaju wa kawaida pale, seva inaisoma kama anwani nyingine kabisa na kukujibu 404, nawe utadhani tokeni ndiyo mbovu. Kwenye GitHub anwani ni ya namna ya `/repos/mmiliki/hifadhi/contents/njia`, na kichwa cha `Accept: application/vnd.github.raw+json` ndicho kinachokupa faili lenyewe badala ya maelezo yake yaliyofungwa ndani ya JSON.

Udhaifu wa tokeni uko kwenye uhai wake na ruhusa zake. GitHub iliacha kupokea nenosiri la akaunti kwa shughuli za Git tarehe 13 Agosti 2021, lakini programu ya Git bado inauliza `Password`, na hadi leo kuna watu wanaoandika nenosiri lao hapo na kushangaa wanapokataliwa. Kinachotakiwa ni tokeni. GitLab nayo, kuanzia toleo la 16.0 la Mei 2023, iliondoa tokeni zisizo na tarehe ya mwisho, na zile za zamani zikawekewa ukomo wa siku 365. Tokeni ya GitHub isiyotumika kwa mwaka mzima hufutwa yenyewe. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikienda vizuri kwa miezi kumi na kusimama ghafla bila mtu kugusa kitu, kwanza itazamwe tarehe ya mwisho ya tokeni yake.

Kuhusu ruhusa, tokeni ya GitLab inahitaji `read_repository` ili isome kwa Git au kupitia API ya mafaili, na tokeni mpya za GitHub zenye ruhusa zilizochujwa zinahitaji ruhusa ya kusoma ya `Contents` kwa hifadhi uliyoitaja kwa jina. Shirika linalotumia mfumo mmoja wa kuingilia wa SAML lina sharti la ziada: tokeni ya kawaida ya GitHub lazima iidhinishwe kwa ajili ya shirika hilo baada ya kutengenezwa, na bila hivyo inakataliwa hata kama ruhusa zake zote zimetimia. Sharti hilo linahusu funguo za SSH pia, na linasahaulika mno.

Lakini kosa la tokeni ninalokutana nalo kuliko yote ni tokeni ya zamani iliyokaa kwenye kihifadhi cha siri. Mtu anatengeneza tokeni mpya, anaiweka mahali fulani, na Git inaendelea kutuma ile iliyokufa kwa sababu mfumo endeshi umeihifadhi na haumuulizi tena. Uliza kwanza ni kihifadhi kipi kinachotumika na kimewekwa na faili gani:

`git config --show-origin --get-all credential.helper`

Kisha kiamuru kisahau siri ya seva hiyo:

`printf 'protocol=https\nhost=git.mfano.example\n\n' | git credential reject`

Ukijaribu tena utaulizwa upya, na hapo ndipo tokeni mpya inapoingia. Ikiwa kihifadhi chako ni `store`, jua kwamba siri zako zimeandikwa waziwazi katika faili la `~/.git-credentials`, na yeyote anayeweza kulisoma faili hilo anazo. `cache` huziweka kwenye kumbukumbu kwa sekunde 900 isipobadilishwa. Vihifadhi vya Windows na macOS vinavyotumia ghala la siri la mfumo ndivyo bora kwa kompyuta ya mtu binafsi.

Tuje kwa SSH. Kwa mtu anayefanya kazi na hifadhi zile zile kila siku kwenye kompyuta yake mwenyewe, mimi naipendekeza bila kusita. Ufunguo wa aina ya ed25519, unaopatikana katika OpenSSH tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014, unatengenezwa kwa `ssh-keygen -t ed25519`, na ukiulinda kwa fungu la maneno na kuukabidhi kwa wakala wa SSH (programu inayoshikilia funguo zako zikiwa tayari kutumika), utasahau kabisa habari za kuandika siri. Hakuna mamlaka ya vyeti (taasisi inayotoa na kuthibitisha vyeti) katika njia hii, kwa hiyo matatizo ya vyeti yanayojaza nusu ya makala hii hayakuhusu.

Hata hivyo SSH ina matatizo yake, na moja lina ujanja wa kipekee. Seva kama GitHub inakutambua kwa ufunguo uliouonyesha, wala haiulizi jina. Mtu mwenye akaunti mbili, ya kazini na ya binafsi, akiwa na funguo zote mbili ndani ya wakala, huonyesha ule wa kwanza. Seva inaukubali kwa furaha, inamtambua kama mwenye akaunti ya binafsi, na kisha inamwambia hifadhi ya kazini haipo. Uthibitishaji umefaulu, ila umefaulu kwa mtu asiyetakiwa. Amri ya `ssh -T git@github.com` inakusalimu kwa jina la akaunti iliyokutambua, na jina hilo likiwa silo, tiba iko kwenye `~/.ssh/config`:

`Host github-kazini`
`    HostName github.com`
`    User git`
`    IdentityFile ~/.ssh/kazini_ed25519`
`    IdentitiesOnly yes`

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Bila huo, SSH inaendelea kuonyesha funguo zote za wakala, na ukiwa nazo nyingi seva inachoka kabla ya kufikia unaofaa, kwa kuwa OpenSSH kwa kawaida inaruhusu majaribio 6 tu. Anwani ya hifadhi nayo ibadilike ianze na `git@github-kazini:`, vinginevyo mpangilio wote huu hautasomwa.

Matatizo mengine ya SSH yanatibika upesi. Faili la ufunguo wa faragha likisomeka na watu wengine, SSH inakataa kulitumia hadi ulipe ruhusa ya 600. Poti 22 ikiwa imezibwa na ngome ya mtandao, GitHub inapokea SSH kupitia `ssh.github.com` kwenye poti 443, na GitLab.com kupitia `altssh.gitlab.com` kwenye poti hiyo hiyo. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali saini za `ssh-rsa` zinazotumia SHA-1, na seva za zamani zikaanza kukataliwa na kompyuta mpya. Wapo wanaorudisha saini hizo kwa mpangilio wa mstari mmoja, lakini jibu la kudumu ni kusasisha seva.

Kasoro ya SSH isiyo na tiba ni kwamba haikufaa kwa faili moja moja. GitHub haikubali `git archive --remote`, kwa hiyo hata ukitaka faili la mistari kumi unalazimika kunakili hifadhi, ingawa `--depth 1 --filter=blob:none --sparse` hupunguza mzigo sana. Skripti inayohitaji faili moja mara moja kwa siku inahudumiwa vizuri zaidi na tokeni.

Mashine zisipewe siri ya mtu

Hapa ulinganisho ni mfupi. Tokeni ya mtu ikiwekwa ndani ya seva ya kujengea programu, mashine hiyo inaweza kufanya mengi ambayo mtu huyo anaweza kufanya, na siku akiondoka kazini kila kitu kinasimama. Ufunguo wa kupelekea programu, ambao kwenye GitHub umefungwa kwenye hifadhi moja na huwa wa kusoma tu usipouongezea ruhusa, ndio unaofaa kwa mashine inayosoma hifadhi moja. Mashine ikisoma hifadhi nyingi, tokeni ya GitHub App (programu iliyosajiliwa GitHub ikiwa na utambulisho wake) ni bora, kwa kuwa inaisha baada ya saa 1 na hata ikivuja haina maisha marefu.

Tokeni inayotolewa bure ndani ya kila kazi ya kiotomatiki inavutia, lakini ujue mipaka yake. `GITHUB_TOKEN` ya GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha kazi hizo) inaishia kwenye hifadhi ambamo kazi hiyo inaendeshwa. Kazi inayovuta hifadhi ndogo ya binafsi iliyopachikwa ndani yake itakataliwa, na kukataliwa huko kutaonekana kama hifadhi haipo. `CI_JOB_TOKEN` ya GitLab inaweza kuvuka kwenda mradi mwingine, mradi ule mwingine ukiwa umeuruhusu mradi wako katika orodha yake, na aliyeanzisha kazi akiwa na ruhusa huko. Masharti hayo ni mawili, na watu hukagua moja tu.

Cheti kinapokataliwa: njia nne zisizolingana

Cheti kikikataliwa, kuna mambo manne unayoweza kufanya: kurekebisha seva, kuongeza mamlaka ya vyeti kwenye ghala la mfumo (orodha ya vyeti ambavyo mfumo unaviamini), kuielekeza Git peke yake kwenye cheti hicho, au kuzima ukaguzi. Nitayapima, lakini huwezi kuchagua kabla ya kuona mnyororo wenyewe, nao unaonekana kwa amri moja:

`openssl s_client -connect git.mfano.example:443 -servername git.mfano.example -showcerts </dev/null`

Katika jibu, kila cheti kina mstari wa `s:` unaotaja cheti ni cha nani na mstari wa `i:` unaotaja nani amekitoa. Vyeti vinahesabiwa kuanzia 0. Ukiona cheti namba 0 peke yake, na aliyekitoa ni mamlaka ya kati (iliyo kati ya cheti cha seva na cheti cha mzizi kinachoaminiwa moja kwa moja) ambayo cheti chake hakikutumwa, seva imesahau cheti cha kati, na openssl itasema `num=20` au `num=21`. Ukiona `num=10`, cheti kimeisha muda, ama saa ya kompyuta yako imekwenda mbele. Ukiona `num=19`, mwisho wa mnyororo kuna cheti cha mzizi ambacho kompyuta yako haikifahamu, na hapo soma jina kwenye `i:` kwa makini: likiwa ni jina la taasisi yako au la kifaa cha usalama wa mtandao, basi kuna proksi katikati inayofungua mawasiliano, kuyakagua na kuyafunga upya kwa cheti chake.

Watu wengi huuliza kwa nini kivinjari kinafungua anwani ile ile ambayo Git inaikataa. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba vivinjari kama Chrome vikikosa cheti cha kati hufuata anwani iliyoandikwa ndani ya cheti na kukichukua vyenyewe, ilhali Git inayotumia OpenSSL hairuki pengo hilo. Ya pili ni kwamba kila programu ina ghala lake: proksi ya ofisini imesajiliwa kwenye ghala la Windows, kivinjari kinalisoma, lakini Git iliyosanidiwa kwa OpenSSL inasoma faili lake lenyewe.

Njia ya kwanza, kurekebisha seva, ndiyo ya haki pale kosa linapokuwa la seva. Cheti cha kati kilichosahaulika kikiwekwa upande wa seva, kompyuta zote zinapona pamoja. Ukiongeza cheti hicho kwenye kompyuta yako, umejitibu wewe tu na kuwaacha wenzako. Kuisha kwa muda nako kutakuwa jambo la mara kwa mara zaidi. Vyeti vya mamlaka za umma vilivyokuwa na uhai usiozidi siku 398 vilipangiwa kushuka hadi siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, kisha siku 100 mwaka 2027, na siku 47 ifikapo tarehe 15 Machi 2029. Anayeendesha seva yake mwenyewe na bado anabadilisha vyeti kwa mkono ana sababu ya kuacha. Funguo za seva za SSH hazina tarehe ya mwisho, na kwa timu ndogo isiyo na mtu wa kufuatilia vyeti, hilo nalo ni la kutiwa kwenye mizani.

Njia ya pili ni kuongeza cheti cha mzizi kwenye ghala la mfumo, nayo ndiyo sahihi kwa mamlaka ya ndani ya taasisi na kwa proksi inayokagua. Kwenye Debian na Ubuntu cheti kinawekwa ndani ya `/usr/local/share/ca-certificates/`, kisha `update-ca-certificates` inaendeshwa. Jina la faili lazima liishie kwa `.crt`, likiishia kwa `.pem` linarukwa kimya kimya, na nimeona watu wakirudia amri hiyo mara nyingi bila kugundua. Kwenye familia ya Red Hat ni `/etc/pki/ca-trust/source/anchors/` na `update-ca-trust`. Kwenye Windows, `git config --global http.sslBackend schannel` inaifanya Git isome ghala la Windows lenyewe, na mara nyingi mstari huo mmoja unamaliza habari.

Njia hii ina mwanya mmoja: si programu zote zinazosoma ghala la mfumo. Maktaba ya `requests` ya Python hutumia mkusanyiko wake wa certifi hadi uipe `REQUESTS_CA_BUNDLE`; Node inasubiri `NODE_EXTRA_CA_CERTS`; Java kwa kawaida ina ghala lake linalohudumiwa na `keytool`; na kontena (kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa) halirithi chochote kutoka kwa kompyuta inayoliendesha. Ndiyo maana Git inaweza kupona asubuhi na skripti ya Python inayochukua faili lile lile ikaendelea kuumwa.

Njia ya tatu ni kuielekeza Git peke yake kwa `http.sslCAInfo`. Inamfaa mtu asiye na mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta anayoitumia. Tahadhari ni kwamba faili unalolitaja huchukua nafasi ya mkusanyiko wa kawaida, haliuongezi. Kwenye mifumo mingi, ukiliweka kwa ujumla na ndani yake mna cheti cha ofisi tu, seva ya ndani inafunguka na GitHub inafunga. Lifunge kwenye anwani moja:

`git config --global http.https://git.mfano.example/.sslCAInfo ~/vyeti/ofisi.pem`

Na kwenye Windows, ukiwa umekwisha kuchagua `schannel`, mpangilio huu hausomwi kabisa usipowasha pia `http.schannelUseSSLCAInfo`. Usichanganye tiba hizo mbili.

Kuna kisa kinachoonyesha kwamba hata cheti kilicho halali kinaweza kukataliwa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3, ambacho vyeti vya Let's Encrypt vilikuwa vimeegemea, kiliisha muda. Kompyuta mpya hazikutikisika, kwa kuwa zilikifahamu cheti kipya cha mzizi, lakini zile zenye OpenSSL 1.0.2 zilifuata njia ya zamani hadi mwisho, zikakuta cheti kilichokufa, na kukataa seva zisizo na kosa. Dawa ilikuwa kuondoa cheti hicho cha zamani kwenye ghala. Kwa hiyo ukiambiwa cheti kimeisha muda, na tarehe za cheti cha seva yenyewe ni nzuri, angalia ghala lako.

Njia ya nne, kuzima ukaguzi, ndiyo inayosambazwa zaidi kwa sababu inafanya kazi sekunde ile ile. `http.sslVerify false`, `GIT_SSL_NO_VERIFY`, na `curl -k` zote ni jambo moja: kompyuta yako inaahidi kumwamini yeyote atakayejibu. Sasa ile tofauti niliyokuomba uishikilie ndipo inapoonyesha uzito wake. Tokeni inasafiri. Ukizima ukaguzi, aliyejipenyeza katikati anapokea tokeni yako nzima, na anaweza kuitumia kesho akiwa mahali pengine kusoma kila hifadhi ambayo tokeni inaifikia. Anayefanya kosa la namna hiyo upande wa SSH, kwa kuweka `StrictHostKeyChecking no`, anaweza kupewa mafaili ya uongo, jambo ambalo ni baya vya kutosha, lakini ufunguo wake hauibwi, kwa kuwa haukutoka. Hivyo mahali ambapo huna namna ya kupata cheti cha kuaminika upesi, hamia SSH kwa muda badala ya kuzima ukaguzi wa HTTPS.

SSH nayo haiombi uaminifu wa upofu. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa seva wa RSA baada ya ufunguo wa faragha kuonekana kwa muda mfupi katika hifadhi ya wazi, na watumiaji wakakutana na onyo kali la `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`. Aliyefanya vyema alilinganisha alama ya kidole ya ufunguo mpya na ile iliyotangazwa na GitHub yenyewe, kisha akaondoa wa zamani kwa `ssh-keygen -R github.com`. Aliyezima ukaguzi hakusimamishwa, siku ile wala siku nyingine ambayo onyo lingekuwa la kweli: muunganisho wake uliendelea tu. Kwa mashine mpya zinazounganishwa mara ya kwanza, `accept-new`, iliyokuja na OpenSSH 7.6 mwaka 2017, hupokea ufunguo usiojulikana na bado hukataa uliobadilika. Ni bora kuliko `no`, ingawa kuweka ufunguo sahihi wa seva mapema ndani ya `known_hosts`, faili la funguo za seva zinazojulikana, ni bora kuliko zote mbili.

Ikiwa ukaguzi ulikwisha kuzimwa zamani, tena na mtu mwingine, huenda bado uko hivyo. Tafuta kwa `git config --show-origin --get-all http.sslVerify`, ambayo inakutajia na faili lenye mpangilio huo, kisha tazama vigezo vya mazingira kwenye seva za kujengea programu na ndani ya faili za kutengenezea kontena, kwa kuwa ndiko mistari ya aina hiyo hujificha kwa miaka. Ukishaufuta na kuweka cheti kinachotakiwa, batilisha pia kila tokeni iliyotumika wakati ukaguzi ukiwa umezimwa, utengeneze nyingine, na uanze na zile zenye ruhusa ya kuandika.